Mia Nne na Tatu za Kibwana

Kibwana Matano wa Chole, Kisarawe, hakumwamini mtu. Alichokiamini ni namba moja tu, elfu nne mia nne arobaini na nne. Ndiyo hesabu ya ile sala ya kumsalia Mtume tunayoisoma mtu anapofikwa na jambo zito. Mbegu za kuhesabia, turituri nyekundu zenye jicho jeusi, alizitunza yeye mfukoni mwa kitambaa, na kila mbegu ilikuwa kisomo kimoja.

Tabia za namba hiyo alizijua kuliko za mkewe. Wasomaji wakiwa wanne, kila mmoja elfu moja mia moja na kumi na moja. Wakiwa kumi na mmoja, mia nne na nne. Lakini wakiwa kumi, zinabaki nne. Wakiwa tisa, zinabaki saba, na mbegu inayobaki haina mwenyewe, kwa hiyo mvivu atasingizia ni ya mwenzake. Basi alitaka kumi na mmoja, hapana zaidi. Siku moja alimrudisha shehe mgeni mlangoni kwa kosa la kuwa wa kumi na mbili.

Mwaka wa arobaini na nne mwanawe Twalibu alikuwa vitani Burma, na barua zilikuwa zimekatika miezi saba. Mkewe, Mwanne, akaomba kisomo. Tukakaa kumi na mmoja, nami nikiwemo, kila mtu na rundo lake na bakuli lake. Ukisoma mara moja, unatia mbegu moja. Macho ya Kibwana hayakubanduka kwenye vidole vya Hemedi, kaka yake Mwanne. Hemedi husoma upesi, na kwa Kibwana upesi ni wizi.

Tulipomaliza, kabla ya dua, akasema, "Leteni mabakuli. Kikulacho ki nguoni mwako. Anza wewe, shemeji."

"Mimi nimwibie mpwa wangu dua?"

"Lete."

Mia nne na nne. Akaja kwangu, na nilichukia nusura niondoke. Mia nne na nne. Wote kumi tulikuwa sawa.

"Bado lako, shemeji," akasema Hemedi.

Miaka yote hakuna aliyewahi kulihesabu. Hemedi akalihesabu taratibu: mia nne na tatu. Mbegu moja ilikuwa mkekani, kando ya goti la Kibwana.

Mwanne alikuwa amesimama mlango wa uani, akisikia yote.

"Hiyo moja tumeiona," akasema. "Na hizo mia nne na tatu, baba Twalibu, ulizisoma, au ulikuwa ukizitia tu huku unamtazama kaka yangu?"

Kibwana akafungua mdomo aape. Akaufumba.

"Sijui, Mwanne."

Akamimina bakuli lake lote mkekani, akaanza kusoma upya, toka moja. Sisi kumi tukamwangalia vidole.