Mama Mkwe Alikuja Kuchukua Wawili

Mwezi ule unga wa uji ulikuwa unaisha kwangu kwa njia nisiyoelewa, na bado watoto wangu walikuwa wananona.

Umesikia vizuri. Chakula kinapungua, mashavu yanaongezeka.

Mimi naishi Manyatta, hapa Kisumu, nauza omena, wale dagaa wa ziwani. Bwana yangu Obiero ni wa boda boda, lakini pikipiki ilikuwa imekufa injini, iko tu nje, kuku wanalala juu yake.

Watoto tuko nao wengi. Usiniulize wangapi. Mama mkwe alinionya nikiwa bado bibi harusi: kwao watoto hawahesabiwi, ukihesabu unawaitia mkosi. Nikatii. Sijawahi kuhesabu.

Basi tukajibana. Asubuhi uji, jioni ugali na sukuma, mchana kila mtu ajue mambo yake.

Lakini ule uji ulinishinda. Natoka ufuoni Dunga na omena yangu alfajiri, nakoroga, nakaa kwa kigoda hapo mlangoni, napakua nimeinama. Naona mikono na vikombe tu. Sufuria ikiisha, kuna mtu bado analia hajapata. Naongeza maji, naongeza unga.

Nikamgeukia Obiero.

"Baba Becky, unga unaenda wapi?"

"Sasa mimi nalamba unga?"

"Mtu mzima hapa ni wewe."

"Na wewe ni nani, mtoto?"

Tukanuniana mpaka Jumapili. Kanisani tulikaa benchi moja kama watu wasiojuana.

Halafu mama mkwe akapiga simu kutoka kijijini Kombewa. Yeye huniita Nyar Alego, msichana wa Alego, na akilivuta hilo jina polepole najua nimeisha.

"Nyar Alego, nimesikia mnasota. Jumamosi nakuja. Nitarudi na wawili, niwalee."

Nikasema asante, mama. Simu ilipokatika nikalia, sitawadanganya. Mimi mwenyewe nililelewa kwa shangazi wakati nyumba yetu ilizidiwa. Sikukosa kitu huko. Lakini siku niliporudi nyumbani, dada zangu walinipa kiti kizuri na soda, kama mgeni. Sikutaka wangu waje wapeane viti hivyo.

Jumamosi akafika mapema, uji bado uko motoni. Kwetu mama halali kwa nyumba ya mwanawe, kwa hivyo alitaka amalize kazi ageuze. Akaketi kando yangu. Macho yake siku hizi hayaoni sura vizuri, basi kila mtoto akileta kikombe anamshika shavu, anabonyeza.

"Mbona wamenona hawa," akasema. Nikasikia kama amekasirika kidogo. Hilo hakuwa amejipanga nalo.

Nikaanza kupumua. Kumbe mapema.

"Lakini hawa wawili wa nyuma wana miguu myembamba sana. Hawa ndio nitaenda nao." Akawakamata mikono. "Mnaitwa nani, wajukuu wangu?"

"Mujahid."

"Khadijah."

Mama mkwe akamgeukia mwanawe taratibu.

"Obiero. Ulisilimu lini?"

Obiero akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia sufuria.

Hapo hapo jirani yangu Rehma akatokea, leso begani. "Mama Becky, hujawaona Mujahid na dada yake?" Halafu akawaona, midomo yote imejaa uji.

Becky, kifungua mimba wangu, ndiye alisema. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

"Mama, kwa kina Mujahid asubuhi hakuna kitu. Kwetu mchana hakuna kitu. Sasa wao wanakunywa uji kwetu, na sisi mchana tunaenda kula wali kwao."

Rehma akashika mdomo. "Mimi napakua kwa sinia moja. Wanazunguka, naona mikono tu. Na vile nimemgombeza bwana yangu Abeid juu ya mchele."

Akainama. Siri yake ya asubuhi ilikuwa imetoka mbele ya mgeni. Yangu ya mchana nayo ilikuwa nje. Tukaangaliana, tukashindwa, tukacheka mpaka nikamwaga uji.

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa bado ameshika ile mikono miwili, na mimi kicheko kikaniishia.

"Mimi nimetoka Kombewa nije nigawe watoto," akasema. "Kumbe wao walishagawana chakula."

Akawaachilia.

"Wabaki wote. Ule mtama niliokuwa niwalishe nao, Obiero aje auchukue."

Nilimpakulia kikombe kilichojaa.

Akanywa, akafuta mdomo. "Na huyu wa kikombe cha kijani ni wa nani kati yenu?"

Nikamwangalia Rehma. Rehma akaniangalia mimi.

"Naitwa Okello," mtoto akasema. "Nakaa ile ploti ya nyuma." Akanyoosha kikombe. Ningefanya nini, nikampakulia.

Obiero nimemwomba msamaha. Rehma bado hajamwambia Abeid.

Wazazi wenzangu, mtoto hahesabiwi, hilo sipingani nalo. Lakini vikombe hesabu. Na ukikuta kimoja kimezidi, usimrukie bwana yako. Uliza watoto, kwa sababu wao ndio wanajua ni jirani gani anaficha njaa kama yako.