Tangi Lililosubiri Helikopta

Tangi la chuma la zahanati yetu lilikaa miezi mingi chini ya kilima, upande wa Kalamba, kwa sababu mafuriko yalikuwa yamekata barabara na lori halikuweza kupanda. Kule juu zahanatini, akina mama walijifungua kwa maji yaliyobebwa na punda. Mvua za Novemba zingetukuta tangi likiwa chini, maji ya paa lote la zahanati yangemwagika bure mwaka mwingine.

Ndipo mgombea mmoja wa kiti cha ubunge akatangaza, kwenye mazishi, kwamba atazungumza na wakubwa wa jeshi walete helikopta yao ya mizigo mizito ilinyanyue. Watu walipiga makofi pale pale penye jeneza. Tangu siku hiyo mwethya, kundi letu la kazi ya pamoja, likaacha kabisa habari ya tangi.

Mimi nafuga kuku na kuuza mayai sokoni Tawa. Shule niliiacha mapema, lakini nimesoma miaka mingi kuhusu ununuzi wa vyombo vya kijeshi, maana nataka kujua kodi huishia wapi. Mwethya ulipokutana, nilisimama.

"Haitakuja," nikasema.

"Umeambiwa na kuku?" akauliza mwenyekiti, mama wa rika la mamangu. Wakacheka.

Niliwangoja wanyamaze, nikawaeleza. Bei inayotangazwa ni ya chombo peke yake. Vipuri, mafunzo na matengenezo huja baadaye, navyo havikomi. Helikopta za aina hiyo hutengenezwa chache, kwa hiyo gharama ya kuzibuni huangukia chache hizo. Kiwanda hutafuta wanunuzi wa nje ili bei ishuke. Wanunuzi wa nje nao husubiri bei ishuke ndipo wanunue. Aliye nayo huihesabia kila saa ya hewani. Hawezi kuitoa kwa ajili ya tangi letu.

"Mwanangu, hayo ya viwanda sikuyashika yote," mwenyekiti akasema. "Unataka tufanye nini?"

"Tulikate. Tubebe vipande, fundi aviunge juu kwa kuchomelea."

"Na tukishalikata, ndege ije?" mzee mmoja akauliza.

"Mnitoe kwenye mwethya."

Kwetu, aliyetolewa kwenye mwethya huchimba matuta yake peke yake, na akifiwa huchimba kaburi na ndugu zake tu. Mwenyekiti aliomba mikono. Iliyonyanyuka ilizidi kidogo tu iliyobaki chini.

Fundi alikata tangi likawa mabamba. Tulikuwa tumepandisha nusu hivi mgombea alipofika na wapiga picha wake.

"Mbona haraka? Ndege ilikuwa njiani," alisema. "Nani aliwaambia haitakuja?"

Hakuna aliyenitazama. Ningeweza kunyamaza.

"Mimi, mheshimiwa."

"Wewe ni mwanajeshi?"

"Nafuga kuku."

"Basi waachie wanaojua."

"Nipe tarehe itakayofika."

"Mambo ya jeshi yana utaratibu wake."

"Naujua. Nakuomba tarehe tu."

Mwenyekiti akamwonyesha bamba lililokuwa limelala majanini. "Mheshimiwa, siku ya mwethya hakuna anayepanda kilima hiki mikono mitupu. Hata mgeni."

Alilishika upande mmoja picha zikapigwa, kisha simu yake ikalia. Tukamwondolea bamba mikononi, tukapanda.

Mvua ilipoanza, fundi alikuwa amemaliza mishono yote. Mmoja unavuja kidogo hadi leo, na wako wanaosema tuliharibu tangi zima kwa ubishi wangu. Nawaonyesha mfereji wa tangi, wachote. Mgombea naye husema mikutanoni kwamba yeye ndiye aliyelifikisha tangi juu. Nikiwepo, nanyoosha mkono. Asiponipa nafasi ya kusema, nasema hivyo hivyo nikiwa nimesimama.