Pinball ya Baba

Baba alikuwa fundi wa stima katika klabu moja ya Wahindi hapa Nakuru. Klabu ilipofungwa, mzee aliyeisimamia alimwambia, "Fundi, chukua hiyo pinball. Wajukuu wangu hawaitaki." Ikaletwa kwetu Bondeni kwa mkokoteni, ikala nusu ya sebule. Ilikuwa meza ndefu yenye kioo juu na mpira wa chuma ndani. Unabonyeza vitufe pande zote mbili, na vibao viwili vinaupiga mpira urudi juu usidondoke shimoni. Jioni nyingi Baba alicheza peke yake, miwani kwenye paji la uso.

Mwaka wa 2007 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Bei ya dawa ilipotushinda, nilimwambia mashine iuzwe. Hakubisha. Niliazima kamera, nikaenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, kuweka tangazo kwenye mtandao wa vitu vilivyotumika, na jingine kwenye mnada wa ng'ambo. Huko ng'ambo ni mtu mmoja tu aliyeniandikia. Nilipomweleza mashine iko nchi gani, hakuandika tena. Wa hapa walipiga simu. Mmoja aliuliza kama ni ya kamari. Mama mmoja alidhani ni meza ya kukatia nguo.

Karibu na Krismasi alikuja mwenye baa kutoka Molo, mtu mpole aliyevaa koti zito.

"Mzee, inafanya kazi?"

"Inafanya," Baba alisema. "Asiyefanya ni mimi."

Akaomba asimamishwe amwonyeshe. Alicheza kwa mkono wa kushoto, nami nikimshika kiuno. Kila mpira ulioelekea kulia uliteremka tu, na kile kibao kikautazama. Mgeni aliinamisha macho.

"Nimeipenda," alisema. "Nitakuja na lori la viazi tukishapiga kura. Msimpe mtu mwingine."

Nikaenda saiba, nikayaondoa matangazo yote mawili.

Baada ya kura vurugu zikazuka, mnajua yaliyotokea. Barabara ya Molo ikafungwa. Simu ya yule mtu ikawa haipatikani, asubuhi na jioni. Kisha shangazi akafika kutoka huko na watoto wanne na godoro moja. Nilimuuliza kuhusu baa.

"Ule mstari wote wa maduka uliungua," alisema. "Wenyewe sijui walikoenda."

Watoto walihitaji mahali pa kulala. Tukaitoa mashine nje, tukaiegemeza ukutani chini ya bati. Nililirudisha tangazo la hapa nchini, lakini mwezi ule nani alikuwa akitafuta mchezo?

Mvua zilipoanza, mbao zilivimba na nyaya zikashika kutu. Baba aliomba kiti, akaketi mbele ya mashine na bisibisi mkononi. Skrubu zilimponyoka zikaanguka kwenye matope, nami nikaziokota nikimpa, naye akiziangusha tena, hadi akasema, "Basi, mwanangu. Nirudishe ndani."

Miezi ikapita. Siku moja mtu wa Nairobi alinipigia, ameliona tangazo. Alikuwa na haraka na alikuwa tayari kuja hata kesho yake. Nilimwambia ukweli, kwamba imeoza.

"Haya, pole," akakata.

"Nani huyo?" Baba aliuliza kutoka kitandani.

"Amekosea namba."

Akageukia ukuta. Nikaenda kuwachemshia watoto uji.