Siku Niliyopokea Ng'ombe wa Adui

Grrrrr, halafu kishindo kimoja kizito, duu, halafu kimya. Huo ni mlio wa lango la ngome yetu likifunguka lenyewe, ulitoka kwenye maspika makubwa ya ukumbini na mpaka leo nausikia vizuri kabisa, kwa sababu lango lile halikuvunjwa, halikupigwa jiwe wala moto, lilifunguka kwa ajili yangu mimi, Mutesi, mbele ya ukumbi mzima, tena nikiwa nimetoka kusema asante. Aibu ya siku ile sijawahi kuisimulia yote. Leo naisimulia, na anayetaka kucheka acheke, mimi mwenyewe nimeshachoka kununa.

Mchezo wenyewe ni ule wa vita vya falme, wa kwenye kompyuta, mnacheza watatu kwa watatu, kila kundi lina ngome yake, askari wake na mtu mmoja wa uchawi. Mimi nasuka nywele saluni pale Muhima, Kigali, na ukumbi wa michezo uko juu yetu, kwa hiyo kila siku nasikia watu wanakufa na kufufuka juu ya kichwa changu. Rafiki yangu Zuhura ndiye bingwa wa huko juu. Mchawi wao alipohamia Bugesera, Zuhura akashuka ngazi akaniambia, "Mutesi, njoo ukae kiti kile, nitakufundisha." Mimi shule niliishia katikati, kompyuta niliijua kwa kuifuta vumbi, lakini nilipomwona yule mchawi kwenye skrini na gauni lake refu linapepea (la zambarau, lina nyota kwenye pindo), nikasema huyo ni mimi, Mungu alichelewa tu kunipa gauni.

Akanifundisha kweli. Kwamba mchawi ana chupa ya buluu, kila uchawi unainywa, ikiisha unakaa chini ya ukuta unangoja ijae. Kwamba moto haumuunguzi rafiki, unamuunguza adui tu. Kwamba ngao unaiweka kabla ya mshale, siyo baada (hili nililirudia siku nyingi, na kila mara naiweka juu ya maiti). Kwamba uponyaji unamponya kila rafiki aliye ndani ya duara. Na mwisho kabisa, siku moja jioni, akaniambia, "Sikiliza, kitu chochote kikija kwako kimefungwa utepe mwekundu, kikatae. Ukikipokea, uchawi wako utamhesabu aliyekitoa na kundi lake lote kuwa marafiki mpaka vita iishe." Nikasema ndiyo, ndiyo. Macho yangu yalikuwa kwenye gauni.

Sasa jambo lenyewe lililokuwa mezani siku ile halikuwa ushindi. Mwenye ukumbi alitaka kumwajiri Zuhura awe mwalimu wa wachezaji wapya, kazi kabisa, ianze Jumatatu. Lakini baba yake, Mzee Idrisa, ni fundi cherehani, na ametaka siku zote binti yake arithi mashine. Akasema atakuja mwenyewe Jumamosi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa, siku tunayopambana na vijana wa mtaa wa Kiyovu. "Nikiona kazi, nitakuachia," akamwambia Zuhura. "Nikiona mchezo wa watoto, Jumatatu unakaa kwenye cherehani." Zuhura wiki nzima hakula vizuri.

Jumamosi ikafika, ukumbi ukajaa, Mzee Idrisa akapewa kiti cha mbele karibu na skrini kubwa ya ukutani, na futi yake ya kupimia nguo bado iko shingoni. Vijana wa Kiyovu walikaa upande wa pili wa ubao unaotutenga, huwaoni, unawasikia wakicheka. Upande wetu Zuhura katikati, mimi kushoto, na Kalisa kulia, Kalisa ni wa askari wa panga, amekulia Uganda, anaongea Kiswahili cha haraka kama mtu anayekimbia mvua.

Tukaanza vizuri. Nikarusha moto wangu wa kwanza ukawapata watu wawili wa Kiyovu, ukumbi ukasema aaah, nikageuka kumwangalia Mzee, naye akainua kidole kimoja kama anayesema nimeona. Nilijisikia nimezaliwa upya. Na hapo hapo, nikiwa bado natabasamu, skrini yangu ikatoa mlio mdogo wa kengele na picha ikatokea. Ng'ombe.

Siyo ng'ombe wa hivi hivi. Ni ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu zinazopanda juu kama mikono ya mtu anayecheza ngoma, kama inyambo wale wa wafalme wetu, na shingoni ana utepe. Chini yake maneno mawili: Pokea, Kataa. Na aliyemtoa ni mchawi wa Kiyovu.

Mnisaidie jamani. Nani kwetu anakataa ng'ombe? Bibi yangu wa Gahanga aligawiwa ng'ombe na jirani yake enzi za ujana wake, na mpaka leo jirani yule akipita njiani bibi anasimama, hata kama ameshika sufuria la moto. Mtu aliyekupa ng'ombe amekupa maziwa ya watoto wako, amekupa jina lake la kuapia. Kumwambia "kataa" ni kama kumtemea mate mlangoni kwake. Utepe niliuona. Nilifikiri ni pambo la sherehe.

Nikapokea.

Na ingeishia hapo, labda, lakini mtu hapokei ng'ombe kimya kimya. Nikabonyeza kile kitufe cha kusemea, nikasema kwa sauti ya heshima kama niliyofundishwa nyumbani, "Murakoze cyane, asante sana, na wewe Mungu akupe mifugo mpaka ukose pa kuilaza." Nilidhani namwambia yeye peke yake. Sauti yangu ikatoka kwenye maspika yote. Kicheko kikaanzia nyuma ya ukumbi kikaja mbele kama moshi.

"Mutesi," Kalisa akasema, "unaongea na nani sha?"

"Amenipa ng'ombe."

"Nani iko na ng'ombe hapa?"

Zuhura hakugeuka, alikuwa kwenye mapambano mabaya kule daraja la mashariki. "Mutesi, niambie hukupokea kitu."

Sasa hapa ndipo nilipochanganyikiwa, maana sauti yake iliniogopesha, na mimi nikiogopa nazidisha adabu. Nikafikiri labda kosa ni kupokea bila kurudisha, si wanasema mkono mtupu haulambwi? Nikatafuta cha kumtumia. Nilichokuwa nacho ni chupa yangu ya buluu. Nikammiminia nusu.

Basi vijana wa Kiyovu wakaanza kuja. Hawakukimbia, walitembea. Kundi zima, wamepanga mstari, wanakuja kwenye lango letu kwa mwendo wa watu waliovaa viatu vipya, na mimi (naomba mnisamehe) nikafikiri wanakuja kuona kama ng'ombe amefika salama. Kalisa akapiga kelele, "Moto, Mutesi, moto!" Nikarusha. Moto ukashuka juu yao ukawapita kama joto la jua, wakaendelea kutembea. Nikarusha tena. Chupa ikakauka karibu yote na hakuna hata mmoja aliyekohoa. Kalisa akaruka ukuta kwenda kuwazuia peke yake, wakamzunguka, damu yake ikawa inashuka, nikasema angalau huyu nimwokoe, nikaweka duara la uponyaji juu yake kwa tone la mwisho. Kalisa akapona. Na wote waliomzunguka wakapona pia, hata wale ambao Zuhura alishawajeruhi mwanzoni mwa vita, wakasimama wazima, wanang'aa.

"None se, sasa je," Kalisa akasema polepole kabisa, "wewe iko upande gani?"

Sikujua. Nilikuwa nabonyeza kila kitu kinachobonyezeka, na mchawi wangu anazunguka mahali pamoja gauni linapepea, kisha grrrrr, duu. Lango likawafungulia, maana lango nalo linawajua marafiki wa mchawi. Wakaingia. Bendera yetu ikashuka. Kutoka nyuma ya ubao sauti ya kijana mmoja ikasema kwa upole, "Asante kwa chupa, dada," na sasa ukumbi haukucheka tena, uliangua.

Mzee Idrisa akasimama, akamtazama binti yake, akauliza, "Ndiyo hii kazi?" Mzee akatoka. Zuhura akavua hedfoni, akaiweka mezani, akashuka kwa ngazi za nyuma bila kunitazama.

Nikamfuata Mzee. Nilimkuta kantini ya jirani, mbele yake chai ya maziwa ambayo hajaigusa.

"Shikamoo Mzee. Kosa ni langu, Zuhura hana kosa."

"Kaa kwanza. Unahema kama umekimbizwa na mbwa."

"Nilipewa ng'ombe."

"Niliona. Ungemkataaje?"

"Zuhura alinifundisha nimkatae. Mimi nilikuwa naangalia gauni."

"Gauni gani tena?"

Ikabidi nimweleze gauni, akauliza limekatwa duara au vipande, nikasema duara, akatikisa kichwa kwamba linakula kitambaa sana. Kisha akasema, "Haya, nieleze kwa nini moto haukuwaka." Mimi, katika watu wote wa Kigali. Nikachukua bakuli la sukari likawa ngome, vijiko vikawa askari, glasi ya maji ikawa chupa ya buluu. Nikamweleza duara, ngao, zawadi, urafiki mpaka mwisho wa vita. Akauliza glasi ikiisha inakuwaje. Nikasema unakaa chini ya ukuta unangoja, ndiyo maana hutupi moto wote mwanzoni. Akauliza nani aliniambia. Nikasema Zuhura.

"Mara ngapi?"

"Mpaka nilipoelewa, Mzee. Yule hachoki."

(Nilisahau kuwaambia kwamba mimi na Mzee tunajuana. Kabla ya saluni, mama alinipeleka kwake nijifunze kushona, na siku nilipomwekea mteja zipu ya suruali upande wa nyuma, Mzee alinirudisha kwa mama kwa mkono wake, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.)

Mzee akarudisha kijiko kimoja kwenye bakuli. "Mimi nilishindwa kukuingizia zipu kichwani," akasema. "Yeye kaingiza haya yote." Akanywa chai, ilikuwa imepoa. "Mwambie asubuhi yuko kwenye cherehani. Mchana aende akafundishe. Na huyo wa Kiyovu, anayetoa ng'ombe halafu anavamia nyumba, huyo asimfundishe hata ngao."

Tangu siku ile nimeapa: mchezoni sipokei hata yai kabla ya kuuliza limefungwa na nini. Nje ya mchezo, mtu akinipa ng'ombe nitapokea, nitafanyaje.

Nilimpigia Zuhura, simu yake imezimwa. Nikapanda tena ukumbini. Watu wamekwenda kula, kompyuta zinanguruma peke yake, na kiti cha Zuhura, cha chini ya feni, ndicho wanachokimbilia vijana wa jioni. Nikavua sweta langu, nikalitandika kwenye kiti kile, mikono yote miwili ya sweta nikaifunga nyuma ya kiti, kama tunavyoshikiana nafasi kanisani.