Betri Niliyoificha Chumbani mwa Bibi Harusi

Mimi ni mpumbavu. Naanza na hilo ili msije mkapoteza muda kutafuta mwingine wa kulaumiwa. Jina langu liacheni, maana Mambrui ni ndogo na mimi ni mtu wa kusalimiwa kwa shikamoo tangu nyumbani hadi msikitini. Na majina mengine humu nimeyabadilisha.

Nina gari. Kwa miaka mingi kila mazungumzo yangu yalianzia hapo. Ni gari dogo jeupe, kuukuu, na safari yake kubwa ilikuwa kunipeleka msikitini siku ya Ijumaa. Ukitoka kwangu kwa miguu unafika kabla kokwa ya tende hujaitema. Lakini mimi nilikwenda kwa gari, vioo vimepandishwa, nikaegesha pale ambapo kila anayevua viatu angeliona.

Gari la maisha hayo, betri yake haishibi hata siku moja. Inatumia nguvu kuliwasha, halafu kabla haijarudishiwa chochote, mwenye gari keshazima na kuteremka. Hilo aliniambia fundi, nami nikamcheka!

Fundi huyo nitamwita Kazungu. Ni Mgiriama aliyetoka bara, upande wa Marafa, mdogo kwangu kwa umri, mtu wa maneno machache. Alikuwa na kibanda chake kando ya barabara, akichaji betri za pikipiki, za tuktuk na za magari. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo ya asidi, nami nilikuwa mwepesi wa kusema kwamba fundi mzuri haungui. Mwenyewe sijawahi kushika spana.

Sasa dadangu mkubwa, Zuhura, akawa anamwoza binti yake. Mimi ndiye mjomba. Nikatangaza mbele ya jamaa wote kwamba bibi harusi atakwenda kwa mumewe ndani ya gari la mjomba wake. Hakuna aliyeniomba. Siku tatu kabla ya harusi nikatia ufunguo, gari likalia “tk”, kama mtu anayenisonya.

Nikamwita Kazungu kwa siri. Akafungua boneti akakuta vichwa vya betri vimeota ukungu wa kijani. Akaviosha kwa maji moto na magadi, akavikausha, akavipaka grisi. Akaitoa betri garini, akafungua vifuniko vyake, ndani kukavu. Akasema nimwachie siku mbili aichaji polepole. Nikakataa. Betri yangu ipite njiani juu ya mkokoteni, watu wajue gari la mjomba limekufa? Nikamwambia nimeshanunua chaja yangu Malindi.

Akanipa chupa ya maji ya betri.

“Basi mzee, ukiichaji mwenyewe iweke nje, penye upepo. Betri ikila umeme yapumua, na pumzi yake yashika moto. Usitie maji ya kisima, tia haya. Na ukimaliza, zima umeme kwanza, ndipo utoe vibanio.”

Nami, mtoto wa waungwana, nikamjibu, “Kazungu, sisi gari tumezaliwa nalo. Hayo kawafundishe watu wa kwenu.”

Marehemu baba yangu alikuwa na baiskeli, tena ya kuazima.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema asiyesikia la mdogo huvunjika nini. Mimi najua, nitawaambia.

Siku ya Alhamisi, asubuhi, nilichukua birika nikateka maji ya kisima. Visima vyetu mnavijua, chai ya maji yake ina chumvi tayari ukikosa sukari. Nikaijaza betri hadi ikafurika. Maji ni maji, nilisema, na chupa ya Kazungu nikaiweka juu ya kabati bila kuifungua. Kisha nikaipeleka betri katika chumba cha ndani, nikafunga madirisha na pazia, ili anayepita asione. Nikachomeka chaja, nikazungusha kitufe chake cha nguvu hadi mwisho. Kama polepole ni siku mbili, kwa nguvu si itakuwa nusu siku? Hesabu yangu ilikuwa hiyo.

Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha pabaya kuliko pote. Harusi ilifanyiwa kwangu, na katika chumba hicho ndimo zilimotundikwa nguo za bibi harusi.

Mchana betri ikaanza kutokota. Niliweka sikio nikafurahi, nikadhani inashiba! Baada ya Alasiri nyumba nzima ikanuka yai viza. Wanawake wakaulizana. Mke wangu, Mwanaisha, ambaye aliniona na lile birika, akanifuata barazani akaniambia nikizime kile kitu. Nikamwambia ni panya amefia darini. Aliondoka, na baadaye nilijua kwamba alikwenda kumpigia simu Kazungu.

Na mimi nikafanya nini? Nikaita kwa sauti ya mwenye nyumba, “Fukizeni udi, harufu itoke.”

Mnaijua desturi yetu. Nguo za harusi hazivaliwi bila kufukizwa. Chetezo hujazwa makaa mekundu, udi juu yake, kikawekwa chini ya nguo zilizotundikwa ili moshi uzipande. Zuhura alikuwa afanye hivyo jioni. Kwa neno langu akafanya saa ile. Mama wa bibi harusi, akiimba kwa furaha yake, akafungua mlango wa kile chumba na makaa mkononi.

Nilisikia kishindo kimoja. Nilidhani ni mtungi wa gesi wa jirani. Hata wakati huo nilikuwa natafuta jirani!

Betri ilikuwa imepasuka juu. Asidi ilikuwa ukutani, juu ya shela, juu ya kitanda, na juu ya uso wa dadangu. Alikuwa amekaa chini, mikono machoni, akiita jina la mama yetu aliyekufa zamani. Mimi nilisimama mlangoni. Sikuingia. Naandika hili nikiona aibu kuliko yote.

Aliyeingia ni Kazungu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akifika. Aliuzima umeme nje kwenye swichi kubwa, akamwinua dadangu, akamtoa uani penye tangi la maji, akamlaza kiubavu na kuanza kummiminia maji machoni. Wanawake walileta mafuta ya nazi, mwingine akaleta asali. Mimi nikaja na samli, ili nami nionekane nimefanya jambo.

“Msitie kitu,” alisema. “Maji tu. Na mumshike asifumbe.”

Alimimina hadi tangi likashuka nusu, na njia nzima ya kwenda hospitali Malindi alikuwa na dumu mkononi, akimimina. Daktari alituambia kwamba maji yale ndiyo yaliyoliokoa jicho la kulia. La kushoto limebaki na ukungu. Bibi harusi alikwenda kwa mumewe kwa tuktuk, na shela la kuazima. Mamake hakumwona akiondoka.

Ningeishia hapo ningekuwa mpumbavu tu. Lakini pale hospitalini watoto wa kiume wa Zuhura waliniuliza imekuwaje, na ulimi wangu ukajibu kabla sijauomba. Nikasema nilifuata maneno ya Kazungu. Nikasema alinipa maji mabovu ya betri.

Waliniamini mara moja. Mimi ni mjomba wao, nina kofia ya kushonwa kwa mkono na gari jeupe. Kazungu ana makovu mikononi na anatoka bara. Kabla ya mwezi kwisha hakuna aliyempelekea hata betri ya pikipiki. Nilikwenda kibandani kwake siku aliyokuwa akifunga vitu, labda nimwombe radhi, labda nihakikishe tu kwamba hasemi. Aliendelea kufunga waya zake.

“Mimi nikisema, mzee, nani ataniamini?” aliniuliza. Kisha akaniamkia vizuri, akaondoka. Nasikia yuko Gongoni, anafanyia kazi mtu mwingine.

Mwanaisha anajua. Amenisitiri kama mke anavyomsitiri mume, ila tangu siku ile huniwekea chakula na kwenda kula kwingine. Ni mwaka wa pili sasa.

Basi sikilizeni, enyi wenye magari ya kuonyesha watu. Betri iendeshe mbali mara moja moja, ishibe. Ichaji nje, polepole, moto usiwe karibu, wala sigara, wala udi. Itie maji yake, si ya kisima. Asidi ikikurukia, maji mengi na hospitali, acha samli yako kwa wali. Na anayeijua kazi msikilize, hata kama babu yake na babu yako hawakusali safu moja.

Limebaki moja. Dadangu Zuhura ni mpenzi mkubwa wa ukurasa huu wa barua za wasomaji. Herufi hizi ndogo hazioni tena, kwa hiyo kila Ijumaa baada ya sala mimi ndiye ninayemsomea. Huwa anatikisa kichwa na kuniambia, “Kakangu, watu wana roho mbaya. Nashukuru Mungu mimi nina wewe.”

Gazeti likiichapa barua hii, nitamsomea kama kawaida, bila kuruka mstari. Chupa ya Kazungu nimeiteremsha kutoka kabatini, kifuniko chake hakijafunguliwa. Nitaiweka mkononi mwa dadangu kabla sijaanza.