Tai wa Shaba kwenye Kofia ya Kaka

Kofia ile niliitoa mwenyewe ndani ya balo la nguo zilizokwisha kuvaliwa, pale ninapouzia, mtaa wa Kimanga. Ilikuwa ya ngozi nyeusi, ngumu, na mbele yake tai wa shaba ameinama, ameshika ngao kwa mdomo. Mwalimu, jirani yangu, alisema ni ya wazimamoto wa Amerika. Sikuiuza. Nilimpelekea kaka yangu, fundi wa kuchomelea vyuma kule Kasenga. Kwetu nyumba ikiungua wanakuja majirani na bidoni za maji, na yeye alikuwa wa kwanza kuingia, kila mara.

Aliipenda. Ila baada ya moto wa pili akalalamika kwamba yule ndege ananasa kwenye nyaya na kamba za nguo, afadhali amkate. Kwake ilikuwa kazi ya dakika moja. Mimi nina mdomo, mtaa mzima unajua. Tena nilikuwa nimemsugua tai yule kwa majivu na ndimu mpaka anang'aa, na watu barabarani walishaanza kumwita kaka "komanda". Nilijivuna kuliko yeye.

"Ukikata ile ndege," nikamwambia, "unirudishie kofia yangu."

Akacheka, akamwacha.

Miezi mitatu baadaye, mchana, nyumba moja ya mbao ikashika moto. Kaka alimtoa mama wa nyumba, akarudi kumfuata bibi kizee. Akamsukuma bibi nje, akapona. Kaka hakutoka. Waliomwondoa walikuta waya wa umeme umenasa chini ya mdomo wa tai, na mkanda wa kofia umekaza kidevuni.

Baada ya mazishi mwalimu alinisomea kwenye simu yake. Huko Amerika wazimamoto walijua tangu zamani kwamba tai hunasa. Wengine walimng'oa, wengine wakamwacha kwa sababu baba zao walimvaa. Nilitaka kuwachukia, nikashindwa.

Siku ya kumaliza kilio tuligawa vitu vyake. Wifi yangu akaniwekea kofia mapajani, imeungua upande mmoja. Nilikuwa sijamwambia mtu kwamba ni mimi niliyemkataza kumkata tai. Nikafungua mdomo nimweleze, na siku hiyo haukutoa kitu.

"Aliniambiaka ni weye ulikatazaka," wifi akasema taratibu. "Alisema dada anataka nikuwe muzuri."

Nililia mbele ya wageni wote. Tai bado yuko mbele ya kofia, amekuwa mweusi. Simsugui tena.