Kinachoisha Msimu

Mama Pacha alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, na kijiji kizima kilimwogopa isipokuwa wanawe wawili. Hao walimshinda tangu walipoota ndevu.

Miaka ishirini nyuma, vita vilipowamwaga watu upande huu wa mpaka, yeye na marehemu mumewe walimkatia seremala mmoja na mkewe kona ya shamba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wao walitoa jembe siku hiyohiyo. Sharti lilikuwa moja tu: "Pandeni kinachoisha msimu. Mti hapana." Maana anayepanda mti kesho husema shamba ni lake, na kila mtu aliamini vita vitaisha kabla ya mavuno.

Havikuisha. Seremala akapanda maharage, akavuna, akapanda tena, mpaka kichwa kikajaa mvi. Mche ukichipuka kando ya kibanda chake, aliung'oa akampelekea mwenye shamba. "Huu umeota wenyewe, mama. Nimeung'oa."

Mama Pacha alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe fundi! Mume mtiifu hivi, mkeo alikuokota wapi?"

Huyo ndiye aliyetengeneza vitanda vya wale pacha, mlango wa nyumba, na mwishowe jeneza la baba yao.

Sasa alikuwa amekufa yeye. Mjane wake alikuja asubuhi, akakaa kizingitini, kiti akakikataa.

"Dada, nakuomba pale nyuma ya kibanda. Makaburi ya kambi ya wakimbizi yamejaa. Siku hizi wanazika kule bondeni, na mvua ikija maji yanafukua. Nitampoteza mara ya pili."

"Kwani hilo nalo la kuomba?" alisema Mama Pacha. Hapo mdomo ulitangulia kichwa, kwa sababu wanawe walikuwa wanasikia.

"Mama, hapana," alisema yule mkubwa. "Msitu umekwisha kwa kuni zao. Kisimani tunagombania ndoo moja. Sisi wawili hatuna pa kujenga, na kona hiyo ndiyo iliyobaki."

"Alikutengenezea kitanda, wewe!"

"Najua. Nitambeba mimi mwenyewe. Lakini kaburi halina msimu, mama. Ukishazika, umegawa."

Kilichomuuma Mama Pacha ni kwamba mtoto hakusema uongo. Shamba lilikuwa la wanawe tangu baba yao afe. Yeye alibakiwa na ulimi tu. Alipomgeukia mjane, alimkuta ameshasimama, anakaza nguo kiunoni.

"Si kitu, dada. Msigombane kwa ajili yetu."

Walimzika bondeni. Pacha walibeba jeneza huku wakilia kwa sauti, na mama yao hakuweza hata kuwachukia. Angewachukia, pengine angelala.

Wiki iliyofuata, akiwa anafagia uwanja, alimwona mjane anakuja kutoka kwenye maharage, vidole vimejaa udongo. Alikuwa ameshika mche mdogo, mizizi inaning'inia.

"Huu umeota wenyewe, dada," alisema. "Nimeung'oa."

Mama Pacha aliupokea. Akabaki nao mkononi, hajui auweke wapi.